Silabi Nne za Mama Yangu

Nilimwona tena nikiwa nimevaa kanzu ya kuazima, na begani nimebeba mguu wa ng'ombe. Si hali ambayo mtu angeichagua kukutana na rafiki wa zamani ambaye sasa ni maarufu. Lakini yeye alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya hema, kwa hiyo sioni angenicheka kwa lipi.

Ilikuwa kwanjula, siku ambayo kijana wa Kiganda huenda na watu wake kujitambulisha kwa wazazi wa msichana. Ua ulikuwa mkubwa, mtu akishapita Kansanga kuelekea Ggaba, na hema mbili zilikuwa zimesimamishwa zikitazamana, yetu na ya wenyeji. Bwana harusi alikuwa mtoto wa mwenzangu wa soko la Owino, Kampala, anayeuza mashuka ya mitumba meza ya tatu kutoka yangu ya mapazia. Upande wa kijana hutakiwa uonekane una watu, na wa ukoo wakipungua huazimwa wengine. Mimi ni Mkenya wa Busia, Mkristo, na Kiganda changu ni cha kuuzia mapazia tu. Hilo halikuwa tatizo, maana sikuhitajika kusema chochote.

"Ndugu yangu, wewe una sura ya mjomba," mwenzangu aliniambia. "Kaa tu hivyo hivyo. Usitabasamu sana, watadhani tunauza kitu."

Ningemkatalia. Mguu wa ng'ombe si mwepesi, na sherehe za watu nimezichoka. Lakini alinitajia mwanamuziki atakayeimba siku hiyo, na nikaenda kujaribu kanzu.

Nilikuwa na haja moja tu. Nilitaka kusikia kama jina la mama yangu bado limo kwenye wimbo.

Mama hakuitwa kwa jina lake. Kijijini aliitwa mama wa fulani, fulani akiwa kaka yangu mkubwa. Sokoni aliitwa mama wa mahindi, kwa sababu alipima mahindi kwa mkebe pale mpakani. Kanisani aliitwa dada. Jina lake lenyewe lilikaa kwenye kadi ya ubatizo, na kadi ilipotea. Tulipomzika tuliliandika kwenye msalaba wa mbao. Mchwa waliula msalaba. Kaka yangu aliahidi kujenga kaburi la saruji, akajenga choo. Basi mahali pekee palipobaki na jina la mama yangu, kwa kadiri nilivyojua, palikuwa ndani ya wimbo wa mtu huyu.

Wimbo ulitengenezwa nikiona. Miaka ishirini hivi iliyopita tuliishi pamoja Kawempe, chumba kimoja, godoro lake ukuta huu na langu ukuta ule. Yeye alikuwa mtoto wa sajini kutoka kaskazini, amekulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi, kinachotembea bila viatu lakini kinafika. Mimi nilimwita Afande, naye aliniita Mkenya. Alikuwa na gitaa lenye nyuzi tano. Ya sita, alisema, ni ya matajiri.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mama mmoja muuza mkaa, mpana kama mlango wake, na alilichukia lile gitaa kama watu wanavyochukia kunguni. Akisikia linapigwa alimwaga maji chini ya mlango. Siku moja alilitoa godoro la Afande na kulitupa mtaroni, akasimama juu yake kwa miguu yote miwili ili lizame vizuri. Kwa miaka miwili rafiki yangu aliingia chumbani kwake mwenyewe kwa dirisha. Nalieleza hili sasa kwa sababu huyo mama atarudi.

Habari ya kifo cha mama ilinifika asubuhi. Afande alibeba gitaa akanifuata hadi Busia bila kuombwa, na hilo silifuti. Njia nzima kwenye basi aliinamia magoti yake akipiga kwa vidole na kunung'unika, kila mara akinigeukia: "Rudia, Mkenya. Jina ya mama." Nikarudia. "Pole pole." Nikarudia pole pole. Lina silabi nne, na ya tatu huvutwa kidogo kwa lugha yetu. Alitafuta sauti mpaka akaipata iliyokaa sawasawa na jina, kama mfuniko na sufuria yake. Tulipofika mpakani wimbo ulikuwa umekamilika. Ulimshukuru mwanamke aliyewasha moto wengine wakiwa bado wamelala, na mwisho wa kila ubeti ulimwita kwa jina. Mara tatu. Aliupiga kando ya kaburi, na wazee wasiojua kwamba mama alikuwa na jina waliinua vichwa.

Kama angefia hapo, ningemkumbuka kama malaika.

Hakufa. Wiki chache baadaye alikuwa anapiga gitaa kwenye baa moja ya Kansanga, Jumamosi mchana, mimi nikiwa mezani na soda. Aliimba ule wimbo. Mfanyabiashara mmoja mwenye tumbo la heshima alilia mbele ya watu, akamwita, akamwambia: "Kijana, rudia. Lakini safari hii weka mama yangu." Akamwekea noti mfukoni mwa shati.

Afande alinitazama. Ndiyo, alinitazama, lazima niseme ukweli. Nami nilitikisa kichwa kukubali. Nilidhani ni mara moja. Nilidhani pia kwamba kukataa mbele ya mtu anayelia ni ushamba.

Hivyo ndivyo biashara ilivyoanza, na mimi nilikuwa shahidi wake wa kwanza, nimeshika soda.

Halafu nikaondoka. Miguu yangu haijawahi kukubali mahali. Nimeuza viatu Juba, nimesimamia stoo Bunia, nimeshona mapazia Kigali na Mwanza, na kila mji nilioufikia nilikaa nikiutamani ule niliouacha. Wimbo ulinifuata kote. Juba niliusikia redioni ukiwa na jina la mama wa mheshimiwa fulani. Bunia niliusikia kwenye simu ya mwanamke aliyekaa nyuma yangu kanisani, na humo walikuwa wameweka "mama wetu", jina la kila mtu na la hakuna mtu. Kila uliposikika nilinyamaza nikisubiri zile silabi nne, kama mtu anayesikia mlango unafunguliwa na kugeuka, akaona si mgeni wake. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe, akiimba ana kwa ana, hawezi kulisahau.

Basi siku hiyo ya kwanjula tukaingia. Wasemaji wa pande mbili walibishana kwa Kiganda karibu saa mbili, tukakubaliwa, tukatoka, tukarudi tena kwa msururu na zawadi: vikapu vya nyanya na vitunguu, sukari, sabuni, kreti za soda, na mimi na mguu wangu. Hapo ndipo muziki ulipolipuka na Afande akatokea katikati ya hema mbili.

Alikuwa amenenepa kwa namna ya watu wanaofunguliwa milango ya gari. Kanzu yake ilimetameta. Wasichana wanne walicheza nyuma yake, na fundi wa mitambo, mwanamume mwenye ndevu, alikaa mbele ya meza na kompyuta. Gitaa lilikuwepo, jekundu, zuri, nyuzi zote sita, na waya wake haukuwa umechomekwa popote. Ulikuwa umekunjwa ukaingizwa mfukoni mwa koti alilovaa juu ya kanzu.

Sauti ilitoka kwenye flashi. Ile sauti ya zamani, nyembamba, ya kijana mwenye njaa, ilimwagika kutoka kwenye spika, na mzee huyu akawa anaifungulia mdomo na kuufunga, mara nyingine akichelewa. Sikushangaa. Kampala wengi huimba hivyo, na watu hucheza vilevile. Kilichonifanya nitue mguu wa ng'ombe mahali pasipotakiwa ni kile kilichotokea mwisho wa ubeti.

Sauti ya flashi ilinyamaza. Ngoma zikaendelea, lakini palibaki nafasi tupu. Mwenye ndevu akapandisha kitufe, Afande akaleta kipaza sauti mdomoni, akaangalia kiganja chake cha kushoto, akaimba kwa sauti yake halisi, nzito, iliyokwaruzika: jina la bibi wa bi harusi. Kisha kitufe kikashushwa, na yule kijana wa flashi akaendelea.

Simu zote za hema zilikuwa juu. Bibi mwenyewe alipiga vigelegele.

Niliielewa kazi yake yote pale pale. Aliurekodi wimbo akaacha pengo, na anaishi kwa kulijaza. Watu hawamlipi aimbe. Wanamlipa kwa kile kiduchu cha kati, sekunde mbili tu.

Lakini pengo lile lilikuwa na umbo. Silabi nne, ya tatu ikivutwa. Jina la bibi lilikuwa fupi, silabi mbili tu, ikabidi alitaje mara mbili kama mtu anayemwita mbwa. Ubeti wa pili ulikuwa wa ssenga, shangazi wa bi harusi, ambaye ndiye mwenye usemi mkubwa siku kama hiyo. Huyo alikuwa na cheo, na cheo kilitakiwa kiingie chote pamoja na jina. Afande alikisukumia mle kama tunavyosukumia makoti kwenye bale la mitumba Owino, kwa goti. Hakikuenea. Mkia wa jina la ssenga ulikanyagwa na kijana wa flashi, na watu wakashangilia wakidhani ndio ufundi. Ubeti wa tatu ulikuwa wa mheshimiwa mmoja wa meza ya mbele. Mwanamume mzima, amechomekwa kwenye nafasi ya mama.

Nilicheka. Mwenzangu wa mashuka alinikanyaga.

"Mjomba, nimekwambia usitabasamu."

"Sitabasamu. Nacheka."

"Hiyo ni mbaya zaidi."

Wakati wa chakula nilimkuta nyuma ya hema, amekaa peke yake na sahani ya matoke, miwani bado machoni. Wale wasichana wanne walikuwa wanakula kwenye ukuta wa mbali, viatu mikononi. Nilisimama mbele yake nikasubiri.

"Sebo," aliniita bwana kwa Kiganda, bila kuinua kichwa, "picha ni baada ya kula."

"Sitaki picha, Afande."

Kijiko kilisimama. Hakuna anayemwita hivyo sasa. Alishusha miwani mpaka puani.

"Banange! Mkenya! Hii ni wewe?"

"Ni mimi."

"Lakini wewe si walisema ilikufa Juba?"

"Nilikufa kidogo. Nikarudi."

"Na hii kanzu? Ulisilimu?"

"Nimeazimwa."

"Umeazimwa wewe ama kanzu?"

"Vyote viwili."

Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kupitia puani, na kwa muda wa pumzi moja hivi nilimpenda tena. Akanivutia kiti. Akaniuliza kama nimeoa, nikamwambia si sana. Akaniambia ana nyumba, ana watoto watano, ana kisukari, na kwamba wiki hiyo peke yake alikuwa na kwanjula tatu na mazishi mawili.

"Na kwa yote unaimba wimbo ule ule?"

"Ule ule. Kwa nini nisumbue watu na mpya?" Akajipangusa midomo. "Mkenya, mimi nimejua kitu moja. Watu hapendi nyimbo. Watu inapenda majina yao."

"Na ulikotoka wimbo, unakumbuka?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Mimi nitasahau aje? Mazishi ya mama yako! Kila siku kwa redio nasema hiyo. Nasema, hii wimbo nilifanya kwa mama ya rafiki yangu, ndani ya basi, tukilia. Watangazaji wanalia pia."

"Na jina lake unalitaja?"

Alitafuna. Alimeza. Aliangalia matoke kana kwamba jibu lilikuwa limefunikwa na mchuzi.

"Sikiliza," alisema, na sauti ikawa tamu, ile ya kuwapa wateja. "Leo ninaimba yeye. Keki ikikatwa ninaingia tena, na ubeti wa kwanza ni wa mama yako. Mbele ya hawa watu wote, na huyo mheshimiwa. Bure kabisa, Mkenya. Wewe ni ndugu yangu." Akatoa kalamu mfukoni, akaninyooshea kiganja cha kushoto. "Niandikie tu hapa. Ilikuwa nani vile?"

Ilikuwa nani vile.

Mtu aliyenifanya nilirudie kutoka Kampala hadi mpakani. Aliyelipimia nyumba likae. Amekula kutokana na nyumba hiyo miaka ishirini, amepangisha kila mwenye noti, na sasa ananiuliza mimi, kwa kinywa chenye mafuta, mwenye nyumba alikuwa nani.

Nilikishika kiganja chake. Kilikuwa na jasho. Jina la ssenga lilikuwa bado linasomeka, la mheshimiwa lilikuwa limeanza kuyeyuka, na katikati palikuwa na nafasi ya kutosha. Nilikuwa nimekuja na jina la mama mdomoni tangu asubuhi, na nilikuwa nimeombwa nilitoe, kwa adabu, bure. Nikaona vile litakavyofutwa na jasho kabla hajafika kwenye gari.

Nikamwandikia jina la mama wa mkaa. Yule wa Kawempe, wa maji chini ya mlango. Nililiandika kwa herufi kubwa, zisizo na utata.

Alilisoma kwa kulisogeza mbali na macho. Nilimtazama uso. Nilimpa muda wote anaohitaji kuruka, kucheka, kunipiga kofi, kuniambia Mkenya wewe ni shetani. Alitikisa kichwa taratibu, kwa huzuni.

"Eh, mama," alisema. "Mama mzuri sana huyo."

Keki ilikatwa. Muziki ukaanza. Afande aliinua mkono, mwenye ndevu akashusha sauti, na hapo akatoa hotuba kwa lugha tatu, Kiswahili akikiweka mwisho kwa ajili yangu. Alisema kwamba kabla ya kuwa mtu alikuwa hana kitu. Alisema kuna mama mmoja aliyempokea kama mtoto wa tumbo lake. Alisema mama huyo alimpenda hata alipokuwa hana mahali pa kulala. Akavua miwani. Machozi yalikuwepo, ya kweli kabisa, yenye maji.

"Simameni," alisema. "Kwa heshima yake."

Hema mbili zikasimama. Mheshimiwa akasimama, ssenga akasimama, bi harusi na kisu chake cha keki. Kijana wa flashi akaimba ubeti, pengo likafika, na mwanamuziki mashuhuri akaweka mkono kifuani, akafumba macho, akamwimba mwanamke aliyesimama juu ya godoro lake mtaroni.

Halikuenea. Lilikuwa jina gumu, la silabi tatu za nguvu, na alilivuta likalia kama bawaba. Watu walipiga makofi. Bibi mmoja wa meza ya nyuma alijipangusa macho kwa ncha ya gauni lake la gomesi. Mimi niliuma ukosi wa kanzu ya watu. Kama mama wa mkaa bado yupo hai huko Kawempe, ninaamini alipaliwa na chai.

"Ulimjua?" mwenzangu alininong'oneza, akiona ninavyotetemeka.

"Nilimjua sana."

"Pole, ndugu yangu. Mungu amlaze pema."

Ningefurahi kusema kwamba kicheko kilinitosha. Kilinitosha kwa ubeti mmoja. Katika wa pili alimrudisha mheshimiwa, nami nilikuwa nimeanza kuelewa nilichofanya. Jina la mama lingeweza kusikika siku ile, hata kwa sekunde mbili, hata kwa sauti ile iliyokwaruzika, na aliyelizuia ni mimi. Pale Kansanga nilitikisa kichwa akalitoa. Leo amenyoosha mkono kulipokea nami nimemnyima. Niliudhika naye kwa hilo pia. Mtu anaweza kukutia aibu hata unapokuwa na haki.

Ubeti wa tatu ulipokaribia mwisho, mheshimiwa aliinuka na bahasha. Afande aliiona. Aliacha kuigiza mdomo, akasogea akiwa ameinama, mikono yote miwili mbele, kipaza sauti kwapani. Kijana wa flashi alimaliza mstari wake akanyamaza, kama alivyofundishwa. Mwenye ndevu alipandisha kitufe. Hakukuwa na kitu. Ngoma zilizunguka zenyewe, na pengo likawa wazi kwa ua mzima.

Nikalitaja. Sikupaza sauti, wala sijui kuimba. Silabi nne, ya tatu nikaivuta kidogo kwa lugha yetu, na lilipoisha kijana wa flashi alikuwa ndio anavuta pumzi ya mstari unaofuata. Hapakubaki nafasi wala hapakuzidi.

"Umesema nini?" mwenzangu akauliza.

"Nimesema nina kiu."

Alivuta kreti kwa mguu, akanifungulia soda kwa meno. Ilikuwa ya moto. Mbele yetu Afande alikuwa bado ameinama, anapigwa picha.